Kashfa ya Trondheim si suala la nguo tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze kwa nini sikubaliani na wale wanaosema kuwa kashfa ya mavazi ya timu ya Norway, iliyoutikisa mchezo wa kuruka kwa skii (mbao ndefu nyembamba za kutelezea thelujini) katika msimu wa 2024/25, ilikuwa zogo la bure juu ya nguo.

Mrukaji huteremka mnarani kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa, na akishauacha ukingo hana kingine cha kumbeba hewani ila skii zake, mwili wake na vazi lake. Vazi likipwaya, hasa sehemu ya msamba, hukinga hewa nyingi zaidi na kumchelewesha kutua, ndiyo maana wakaguzi hulipima kwa sentimita. Na mita moja huamua mengi. Katika Mashindano ya Vilima Vinne, yafanyikayo kwenye vilima vinne vya Ujerumani na Austria, yaliyomalizika Bischofshofen tarehe 6 Januari 2025, Daniel Tschofenig alimpita Mwaustria mwenzake, Jan Hörl, kwa pointi 1.4 baada ya miruko minane, ilhali kwenye kilima kikubwa, yaani chenye miruko mirefu kuliko ya kilima kidogo, mita moja peke yake ina thamani ya pointi 1.8.

Kwa hiyo sioni cha kuchekesha katika ile video iliyopigwa kwa siri nyuma ya pazia, wakati wa Mashindano ya Ubingwa wa Dunia mjini Trondheim, Norway, mwezi Machi 2025, ikionyesha mavazi ya timu ya Norway yakishonwa upya kwa cherehani, kocha mkuu Magnus Brevik akiwapo. Mavazi hayo yalikuwa yamekwisha kupitishwa na wakaguzi; ndipo uzi mgumu ukaingizwa kwenye mshono ili vazi likakamae. Brevik alikiri. Marius Lindvik, aliyekuwa wa pili kwenye kilima kikubwa, aliondolewa kwenye matokeo pamoja na Johann André Forfang, na medali ya fedha ikaenda kwa Hörl. Warukaji hao walisema hawakujua lolote. Kwa maoni yangu, lawama ya kwanza ni ya walioshika cherehani na aliyewasimamia.

Lakini Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, nalo lina la kujibu. Baada ya Trondheim liliamuru kila mrukaji awe na vazi moja tu kwa mashindano yaliyosalia, nalo litunzwe na wakaguzi hadi muda mfupi kabla ya kuruka. Ikiwa hilo liliwezekana kwa siku chache, kwa nini halikufanywa mwezi Novemba, msimu ulipofunguliwa Lillehammer, Norway? Wala mchezo haukudhoofika kwa kubanwa: ni katika majuma hayo ya mwisho ambapo Nika Prevc wa Slovenia aliruka mita 236 huko Vikersund, Norway, rekodi ya dunia ya wanawake, na kaka yake Domen akafika mita 254.5 huko Planica, Slovenia, tarehe 30 Machi, akiipita kwa mita moja rekodi ambayo Stefan Kraft aliiweka mwaka 2017.

Lindvik aliachiwa dhahabu ya kilima kidogo aliyoitwaa tarehe 2 Machi, na Andreas Wellinger wa Ujerumani akabaki na fedha. Sidai kwamba dhahabu hiyo ilipatikana kwa hila, kwa kuwa haikuthibitishwa hivyo. Ninachosema ni kwamba, lau mavazi yangekuwa mikononi mwa wakaguzi tangu mwanzo, Wellinger asingekuwa na sababu ya kujiuliza, na Lindvik asingekuwa na haja ya kujitetea.

Msomaji wako,
Dar es Salaam