Usiuguse wosia kwa kalamu

Nakuru,
Jumapili jioni.

Kwako Mama Achieng mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, mahindi yameota, na mvua bado inanyesha.

Tangu uliponipigia simu juzi sijapata usingizi. Ulisema utautoa wosia wako wa 2017, ukate jina la marehemu kaka yako aliyekuwa ausimamie, uandike la mpwa wako juu yake, kisha chini uongeze kwamba mjukuu wako apewe ile ploti ya Mamboleo. Nakusihi, weka kalamu chini mpaka umalize kusoma barua hii.

Sijawahi kukueleza yaliyotupata tulipomzika Baba, kwa sababu kuyataja kuliniuma. Wosia wake ulikuwa umepigwa chapa, sahihi yake ipo, mashahidi wawili wapo. Ekari mbili za Subukia alimwachia kaka yetu mkubwa. Lakini miaka ile ya mwisho, aliyemwogesha, aliyemkorogea uji na kumpeleka kliniki ni kitinda mimba wetu. Basi Baba akachukua kalamu ya buluu, akakata jina la kaka, akaandika la dada kwa mwandiko wake ule wa kulala ambao sote tunaujua. Hakutia sahihi kando. Hakumwita mtu yeyote ashuhudie. Mahakamani hakuna aliyekana kwamba ule ni mkono wa Baba, na haikusaidia kitu. Jaji alisoma jina lililopigwa chapa, kana kwamba wino ule haukuwahi kuigusa karatasi. Dada alitoka nje bila kusema neno. Mpaka leo yeye na kaka hawasalimiani, na mzee hakutaka hata kidogo iwe hivyo.

Ndivyo ilivyo sheria yetu ya urithi, ile Sura ya 160 inayotumika tangu 1981. Ukishautia wosia sahihi, chochote utakachofuta, utakachokata au kuchomeka ndani yake hakina nguvu mpaka nacho kitiwe sahihi na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Wakili alituambia Baba angetia sahihi pembeni tu, pale penye mkato, na mashahidi wawili wakatia zao, neno lake lingesimama. Sahihi tatu, Mama Achieng!

Lakini wewe usiuchorechore wosia wako hata kwa njia hiyo. Ingekuwa unagawa kila kitu upya, ningekuambia uandike mwingine. Mambo yako ni mawili, kwa hiyo andika nyongeza ya wosia kwenye karatasi ya peke yake, ile mawakili huiita kodisili. Taja tarehe ya wosia inaouhusu. Sema ni aya gani inabadilika na sasa isomekeje. Ploti iandike kwa nambari iliyo kwenye hati miliki, na kwa kuwa mtoto hajafika miaka 18, sema ni nani atakayemshikia. Mwisho andika kwamba mengine yote ya wosia yanabaki yalivyo. Hilo usilisahau, asije mtu akadai uliufuta wote.

Kisha sahihi yako na mashahidi wawili. Si lazima wawe wale wa 2017, wala si lazima waje wakati mmoja. Kila mmoja akuone ukitia sahihi, au akusikie ukikiri kwamba sahihi ni yako, naye atie yake mbele yako.

Najua Achieng ndiye aliye karibu, ila asiwe shahidi. Sheria hubatilisha alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika na urithi. Wewe unampenda mwanao, basi usimwingize kwenye ubishi.

Mimi sirithi kitu kwako. Nihesabu kuwa shahidi wa kwanza, na wa pili mwombe yule jirani yako mwalimu mstaafu. Nitapanda matatu ya asubuhi Jumamosi, nikishuka Kondele nitakupigia. Toa wosia sandukuni pamoja na hati ya ploti, uviweke mezani, na karatasi safi kando yake. Kalamu nitakuja nayo.

Wako wa tangu bweni moja,
Mama Wambui