Barua ya wazi kwa wanafunzi wa sekondari mnaochagua masomo ya jamii

Wajukuu zangu,

Salamu kwenu nyote mlioko sekondari, hasa nyinyi ambao karibuni mtapewa fomu ya kuchagua masomo. Nimefundisha historia na jiografia mpaka nikastaafu, na hadi leo wazazi huniletea watoto wao tuzungumze kabla hawajaijaza fomu hiyo. Sababu ninazozisikia ni zilezile. "Hili nalichukua kwa kuwa hesabu zimenishinda." "Hili mwalimu wake hana ukali." "Hili rafiki zangu wote wanalichukua." Ni nadra kumsikia mtoto akiniambia ni jambo gani la dunia hii linalomsumbua akili mpaka anataka kulielewa. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niwaandikie.

Niseme mapema: wanaowaambia kwamba masomo haya ni ya walioshindwa sayansi wanawapotosha. Ugumu wake uko mahali pengine tu. Kwenye hesabu ukikosea, jibu linakataa palepale. Kwenye historia au uraia unaweza kujaza kurasa tatu za maneno matamu, ukajisifu, kumbe hujathibitisha lolote. Kinachokuokoa ni swali fupi ambalo ningependa mlizoee kuliko jina lenu: umejuaje?

Tuanze na historia, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Inaambiwa ni orodha ya miaka na majina ya watawala. Hebu tazameni kisa kimoja. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa. Maandishi ya safari yake, kama yalivyotufikia, yanausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri sana na iliyojengwa vyema, kisha yanasema nyumba zake ni za mbao. Sasa yaangalieni magofu. Msikiti Mkuu wa Kilwa ni wa mawe. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyetawala wakati huohuo, nalo limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mbona maandishi na magofu hayapatani?

Hapo ndipo somo linapoanza. Mwanafunzi mmoja atadai kwamba msafiri alidanganya. Wa pili atasema labda mawe yalikuwa ya sultani, ya matajiri na ya msikiti, na watu wengine waliishi katika nyumba za miti na udongo ambazo hazidumu karne sita. Wa tatu atauliza masimulizi haya yaliandikwa lini, naye atakuta kwamba Ibn Battuta aliyasimulia baada ya kurudi kwao Moroko, zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwandishi aliyeitwa Ibn Juzayy ndiye aliyeyaandika na kuyapanga. Wa nne atashuku walioyanakili: je, hawakukosea neno? Majibu yote manne yanaweza kutetewa, lakini hayana uzito sawa. La kwanza ni tuhuma tupu mpaka lipate ushahidi. La pili linapimika, maana mwanaakiolojia akichimba pembeni ya kuta za mawe anaweza kukuta alama za nguzo na udongo uliokandikwa. Mwalimu akiwapa nusu saa mbishane hivyo, mtatoka mmejifunza mengi kuliko mngekariri masultani wote wa Kilwa tangu wa kwanza hadi wa mwisho.

Na msiogope kukihoji hata kitabu cha kiada. Vitabu vingi vimetufundisha kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa katika Mkutano wa Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Mkutano ulikuwepo. Mataifa 14 yalikaa, na hakuna Mwafrika aliyealikwa kuwasemea watu wake. Lakini sehemu kubwa ya mipaka ilikuja kuwekwa baadaye, kwa mikataba ya wakoloni wawili wawili. Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya Afrika Mashariki mwaka 1886, zikapatana tena mwaka 1890. Anayejua hivyo haupunguzi uovu wa jambo lile. Anaona jinsi lilivyofanyika: kwa miaka, kwa mabishano, kwa watu wenye majina na masilahi, na wenyeji wakipinga. Anayeamini kwamba kila kitu kiliisha katika chumba kimoja hana la kuuliza zaidi.

Jiografia ina bahati mbaya ya kudhaniwa kuwa ni kutaja mito na miji mikuu. Mimi ningewaomba mwanze na ramani ya ukutani na tufe la shule. Katika ramani nyingi za ukutani Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika. Afrika ina takriban kilomita za mraba milioni 30, Greenland haifiki hata milioni 2.2. Gerardus Mercator, aliyebuni namna hiyo ya kuchora mwaka 1569, hakuwa na nia ya kuwadanganya wanafunzi. Aliwachorea mabaharia. Katika ramani yake, ukipiga mstari ulionyooka unapata mwelekeo mmoja wa dira ambao nahodha anaweza kuufuata bila kuubadilisha. Ili apate hilo, ilibidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia zivimbe.

Jaribuni wenyewe. Bana ncha ya uzi Tokyo, uvute mpaka New York juu ya tufe, uukaze. Uzi utapanda kaskazini na kupita upande wa Alaska. Kisha nenda kwenye ramani bapa yenye Pasifiki katikati, upige mstari kwa rula kati ya miji ileile. Utakatiza bahari kwa chini kabisa, mbali na Alaska. Uzi ndio unaoonyesha njia fupi. Nimewaona vijana wakirudia zoezi hilo mara nne, wakishuku uzi, wakishuku tufe, kabla hawajaanza kuishuku ramani. Hiyo furaha ya kuikamata ramani ikisema nusu ya ukweli, sijui nimpe nini mtu aliyeikosa.

Halafu mjue ramani inaweza kuokoa maisha. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwashambulia watu wa Soho, London, na mamia wakafa kwa siku chache. Madaktari wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, na baadaye akavionyesha kwenye ramani kwa vistari vidogo: vilisongamana kuzunguka pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street. Ila hakuridhika na msongamano. Alitafuta waliopaswa kufa lakini hawakufa. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia karibu na pale walikuwa salama, kwa sababu walikunywa bia na hawakugusa maji ya pampu. Alitafuta pia waliokufa mbali, akakuta mjane aliyekuwa ameuhama mtaa ule lakini akiletewa maji yake kwa kuwa aliyapenda ladha. Mpini wa pampu uling'olewa. Sioni kazi nzuri zaidi ya kumwonyesha kijana anayesema jiografia haina faida.

Uchumi mtausikia ukiitwa somo la pesa. Kwangu ni somo la vipimo na chaguo, na sharti lake ni kuuliza kila kipimo kinapima nini. Pato la taifa, kwa mfano, halihesabu kazi ya mama anayepika, anayefua na kumuuguza mgonjwa nyumbani kwake bila malipo. Akiajiriwa mtu wa kuzifanya kazi hizohizo kwa mshahara, pato linapanda, ingawa chakula ni kilekile na mgonjwa ni yuleyule. Simon Kuznets, mtaalamu aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato hilo nchini Marekani, alilionya Bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa namba hiyo peke yake. Someni pia namna pesa inavyoweza kufa: Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100 mwaka 2009, na bado haikumfikisha mtu mbali sokoni. Anayekimbilia uchumi kwa kukwepa hesabu ajue hesabu zitamfuata humo. Afadhali mzipatanishe mapema.

Uraia huharibiwa na kukariri mihimili ya dola. Uchukueni kwa njia ya kura na maamuzi yaliyowahi kufanyika. Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 zilijizuia kupiga kura. Nendeni mkazitafute hizo nane. Mtaikuta Afrika Kusini, ambako mwaka uleule chama cha ubaguzi wa rangi kilikuwa kimeshika serikali. Mtaikuta Saudi Arabia, na Umoja wa Kisovieti pamoja na nchi nyingine za kikomunisti za Ulaya, kila upande na hoja zake. Au jiulizeni kwa nini wanawake wa New Zealand walianza kupiga kura mwaka 1893 na wenzao wa Uswisi wakangoja hadi 1971 kupiga kura ya taifa. Atakayefuatilia hilo ataelewa katiba, bunge na kura ya maoni bila kulazimishwa.

Saikolojia, somo la akili na tabia za mtu, na sosholojia, somo la jinsi jamii inavyoishi, hazifundishwi katika kila shule. Zikiwepo kwenu, msizipite. Mwanasaikolojia Solomon Asch, katika miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa dhahiri, ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa waseme uongo kwa pamoja. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walikubali uongo huo angalau mara moja. Robo hawakukubali hata mara moja. Nawaambia hili kwa makusudi, nyinyi mnaochagua somo kwa kuwa kundi lote limelichagua. Upande wa sosholojia, msomeni W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani aliyezunguka mlango kwa mlango mjini Philadelphia akiwahoji watu weusi juu ya kazi, kodi za nyumba na elimu, na mwaka 1899 akatoa utafiti ulioonyesha kwamba shida zao nyingi zilitokana na kubaguliwa. Wakati huo wengi walidai ni maumbile yao. Yeye alikwenda akahesabu.

Sasa fomu. Kabla hujaweka alama, mwendee mwalimu wa somo unalolifikiria, umwombe kwa adabu akuonyeshe swali moja la insha na insha moja iliyopata alama nzuri, bila jina la aliyeiandika. Soma vyote viwili jioni. Ukijikuta unabishana na insha ile kichwani, somo hilo lichukue. Ukisinzia, jaribu jingine, hata kama rafiki zako wanakucheka. Usilichague kwa ajili ya mwalimu mpole. Walimu huhamishwa. Na anayetaka udaktari au uhandisi naye achukue angalau moja, maana wagonjwa na madaraja viko ndani ya jamii, na Snow mwenyewe alikuwa tabibu.

Mkishaanza, punguzeni kunakili ubaoni. Pigeni mstari pembezoni mwa daftari, na kila mnapoandika dai, pembeni yake andikeni nani kalisema, lini, na alikuwa na masilahi gani. Mkimhoji mzee nyumbani kuhusu tukio la zamani, tenganisheni aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa wengine. Hatawakasirikia. Sisi wazee tunapenda kuulizwa, na mara nyingi tunakumbuka vizuri zaidi tukiulizwa tulikuwa tumesimama wapi.

Wazazi mtakaoisoma barua hii, nawaomba jambo moja: msimjazie mtoto fomu. Mwulizeni anataka kuelewa nini, kisha mpeni siku mbili za kufikiri kabla hajajibu. Shule ikiwa na masomo mawili tu ya jamii, achague katika hayo mawili, na lile asilolipata mwombeeni ruhusa ya kuazima vitabu vyake maktaba.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa historia na jiografia