Kabla ya kuilaumu kingamwili, tazameni mkasi

Ndugu Mhariri,

Katika maabara zetu za mimea hapa Dar es Salaam kuna kasumba: utando wa western blot, kipimo kinachoonyesha protini kwa kutumia kingamwili, ukitoka mtupu, au ukajaa weusi, lawama huangukia kingamwili, na fedha za mradi zinatoka tena kuagiza chupa nyingine ng'ambo. Mara nyingi chupa haina kosa.

Chukua kingamwili inayotambua MPK3 na MPK6, kinasi (vimeng'enya vinavyobandika fosfati) zinazopeleka ishara ya hatari ndani ya seli, zikishawashwa. Ilitengenezwa kwa kazi za seli za wanyama, lakini kwenye mimea inashika vizuri kwa sababu kipande inachokitafuta, yaani treonini na tairosini zenye fosfati, asidi ya glutamiki ikiwa katikati, ni kilekile. Lebo kutotaja mmea si hoja.

Hoja ni mkasi. Kukata jani ni kulijeruhi, na jeraha peke yake huwasha kinasi hizo ndani ya dakika chache. Anayekata vipande na kuvitia flg22, kipande cha protini ya bakteria kinachoamsha kinga ya mmea, papo hapo atakuta hata sampuli ya maji matupu inang'aa, kisha aseme kingamwili inashika ovyo. Vipande vielee kwenye maji usiku kucha, vitulie. Ndipo uweke flg22 mikromola 1 kwa dakika 10 hadi 15, kisha moja kwa moja kwenye nitrojeni kimiminika. Bafa (kimiminika) ya kusagia iwe na floridi ya sodiamu na vanadati. Bila hivyo vimeng'enya vya jani vitabandua fosfati wewe ukiwa bado unatafuta tyubu. Kwa muhogo, wenye fenoli nyingi, ongeza PVPP, unga unaozinasa.

Maziwa ya unga ya kuzibia utando, ili kingamwili isishike ovyo, nayo tuyaache kwenye chai. Kasini, protini yake, imejaa fosfati na inaweza kutia ukungu kwenye picha. Tumia albumini ya ng'ombe asilimia 5 katika bafa ya Tris, kingamwili 1 kwa 1,000 au 2,000, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Azaidi ya sodiamu, dawa ya kuhifadhi, isiguse kingamwili ya pili, ile inayoshika ya kwanza, yenye peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa ishara: huizima kabisa.

Mistari ya kweli huonekana kati ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 42 na 48 hivi. Kivuli kipana karibu na 55 mara nyingi ni cha Rubisko, protini iliyo nyingi mno kwenye jani. Mwenye shaka aloweke utando pacha kwenye fosfatesi, kimeng'enya kinachobandua fosfati, kabla ya kuweka kingamwili: mistari ikitoweka, chupa ni nzima.

Kuhusu umeme kukatika, kingamwili yenye gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi -20. Isiyo nayo igawanywe kidogo kidogo siku inapofika, na isiwekwe kwenye friza inayojiyeyushia barafu.

Mtafiti wa mimea,
Dar es Salaam