Risala ya Washiriki wa Mafunzo ya Upasuaji wa Sarkoma za Tumbo kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Waganga Wafawidhi, wakufunzi wetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Hatutakuchosha.

Mafunzo haya yalihusu sarkoma za tishu laini za tumbo, saratani zinazoota kwenye mafuta na misuli, mara nyingi nyuma ya utando wa tumbo, jirani na figo. Ni ugonjwa adimu na mjanja. Tumbo lina nafasi, maumivu hayapo, mgonjwa anashangaa tu mkanda haufungi. Si ajabu uvimbe kufika kwetu umevuka sentimita 15.

Ndugu mlangoni mwa thieta huuliza swali moja: atapona? Sehemu ya jibu haiko mikononi mwetu. Liposarkoma, ile ya mafuta, husumbua kwa kurudi palepale ilipotolewa. Leiomiosarkoma, ile ya misuli laini, hupenda kuhamia mapafuni. Lipo pia daraja la ukali wa uvimbe, 1 hadi 3, ambalo mtaalamu wa patholojia hulipata kwa kuangalia seli zimefanana kiasi gani na tishu ya asili, zinagawanyika kwa kasi gani, na sehemu gani ya uvimbe imekufa. Umri na wingi wa vivimbe navyo vina uzito.

Kilicho mikononi mwetu ni upasuaji wa kwanza. Uvimbe ukitoka mzima, pamoja na figo au kipande cha utumbo mpana vilivyoshikamana nao, mgonjwa ana nafasi nzuri zaidi. Ukipasuka mkononi, seli humwagika na kuota upya sehemu nyingi, na upasuaji wa pili haurudishi nafasi hiyo. Kubakiza uvimbe unaoonekana kwa macho humpa nafuu ya muda tu.

Kwa hiyo kabla ya kisu tunahitaji CT, yaani picha za vipande vya mwili, ya kifua, tumbo na nyonga. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, na uhakika kuwa figo ya upande wa pili inafanya kazi. Kisha kinyama, yaani sampuli ya uvimbe ya kupimwa maabara, kwa sindano nene ya geji 14 au 16, ikipitia ubavuni au mgongoni, isikatize ndani ya tumbo. Kufungua tumbo “tuone kuna nini” ndiko kunakoharibu.

Turuhusu tukae kidogo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi uvimbe uliotolewa usioze kabla ya kupimwa. Uvimbe wa kilo 4 ukisukumiwa kwenye ndoo ndogo, fomalini hulowanisha ganda tu; katikati huoza njiani, na mtaalamu hawezi tena kuhesabu seli zinazogawanyika wala kutofautisha kilichokufa mwilini na kilichooza kwenye ndoo. Kanuni ni fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa uvimbe. Hiyo ni karibu lita 40, na nani anazo? Dawa yake ni patholojia kuarifiwa siku moja kabla, wapokee uvimbe mbichi siku hiyohiyo na kuukata wenyewe, ukiwa umefungwa nyuzi za kuonyesha juu na pembeni. Kutoka Kondoa au Mpwapwa hilo haliwezekani, ndiyo maana tunasema asafiri mgonjwa, isisafiri ndoo.

Kuhusu mionzi kabla ya upasuaji, utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 266 uliochapishwa mwaka 2020 haukuonyesha faida kwa wagonjwa kwa ujumla. Foleni ya mionzi Dar es Salaam isimcheleweshe kila mtu.

Mheshimiwa, tunaomba mambo matatu. Sindano za kinyama ziingizwe kwenye oda za Bohari ya Dawa. Hospitali za wilaya zielekezwe kutogusa uvimbe wa nyuma ya utando wa tumbo, zimpeleke mgonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa akiwa hajafunguliwa. Na liwepo daftari la ufuatiliaji lenye simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja, maana CT hurudiwa kila miezi 3 hadi 6 miaka ya mwanzo, liposarkoma huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na mvua za Desemba zikianza watu wako shambani, simu hazipatikani.

Tunaomba kuwasilisha.

Washiriki wa mafunzo,
Dodoma