Tuuziwe vyombo vinavyoweza kufunguliwa

Mhariri,

Juzi nilipeleka blenda yangu kwa fundi barabara ya Luthuli. Haijafikisha hata mwaka mmoja na nusu. Aliigeuza mara moja tu akanirudishia: imebanwa kwa gundi, haina skrubu hata moja, na akiipasua haitafungika tena. Nilihuzunika, kwa sababu pasi ya makaa ya mama, chuma kitupu, ingali inanyoosha sare za wajukuu wake.

Tunaambiwa vitu vya bei nafuu haviwezi kudumu. Ni kweli kiasi. Plastiki si chuma. Lakini mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu duniani ziliafikiana mjini Geneva kwamba balbu iwake takriban saa 1,000 tu, ilhali walikuwa tayari wakiunda za saa 1,500 na zaidi. Kampuni ambayo balbu zake zilipitisha kiwango hicho ilitozwa faini. Ujuzi haukukosekana!

Ufaransa, tangu 2021, simu na mashine za kufulia, miongoni mwa vifaa vingine, huuzwa zikiwa na alama inayomwonyesha mnunuzi kama zinatengenezeka kwa urahisi. Naisihi KEBS, shirika la viwango vya bidhaa nchini Kenya, ianzishe alama kama hiyo hapa kwetu, tena ianze na vyombo vya jikoni. Mafundi tunao tele, Luthuli hadi Kamukunji. Wanachokosa ni vipuri, na mlango wa kuingilia ndani ya chombo.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi