Risala ya Kikundi cha Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kutangaza Msimu Mpya wa Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa kamati,
Wazazi, walezi na wasanii wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ili uwe nasi leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika kikundi hiki hakuna anayelipwa. Anayeigiza mfalme usiku, mchana ni fundi. Msimu uliopita mwigizaji wetu mkuu alikaukiwa na sauti siku mbili kabla ya onyesho la kwanza. Aliyetuokoa ni mama anayeshona maleba. Kwa miezi mitatu alikuwa akisikiliza mazoezi huku akitia uzi kwenye sindano, na kumbe maneno yote yalikuwa yamemwingia kichwani. Alipanda jukwaani akaigiza mwanzo hadi mwisho bila kukumbushwa hata mstari mmoja.

Tunalisema hili kwa sababu huwa tunaulizwa ni lini tutaacha michezo tufanye kazi ya maana. Katika mji wa Athens, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, waimbaji wa kiitikio katika tamthilia walikuwa raia wa kawaida, na gharama za kuwafundisha na kuwavisha zilibebwa na raia tajiri aliyeteuliwa kwa jukumu hilo. Wenyeji wa kijiji cha Oberammergau, Ujerumani, wameigiza mateso ya Yesu kizazi hadi kizazi tangu 1634, kutimiza nadhiri waliyoiweka wakati wa tauni. Onyesho lao la 2020 liliahirishwa kwa ajili ya korona, na 2022 wakalifanya. Hao ndio wenzetu katika kazi hii.

Msimu ujao una maonyesho manne: tamthilia mbili za mazungumzo na mbili za muziki.

Tunakusudia kufungua msimu na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyochapishwa 1969. Wengi hudhani kazi ya Shakespeare ni ya bure kwa kuwa mwenyewe alifariki 1616. Kwa maneno yake ya Kiingereza ni kweli. Lakini tafsiri ni kazi yenye mwenyewe, na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, huilinda kwa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Mwalimu alituacha 1999. Hivyo tumeomba kibali, na hatutabandika bango hata moja kabla ya kukipata. Tunawafundisha vijana wetu kwamba anayetaka kazi yake iheshimiwe aanze kuheshimu ya mwenzake.

Ya pili ni tamthilia fupi ya vijana, na ya tatu ni igizo la nyimbo la watoto, ambalo mazoezi yake yameshaanza.

Ya nne ndiyo inayotunyima usingizi. Ni tamthilia ya muziki tuliyoitunga wenyewe, maneno na nyimbo. Tungeweza kuchukua iliyokwisha kupata jina duniani, lakini malipo ya haki zake kwa kawaida hukokotolewa kwa idadi ya maonyesho, viti vya ukumbi na bei ya tiketi, na mfuko wetu haufiki huko. Sasa tunafurahi kwamba haukufika, maana tumepata watunzi ambao hatukujua kuwa tunao.

Kazi yenyewe ni nzito. Wiki za kwanza waigizaji huimba wakiwa wameketi, na wimbo hukaa vizuri. Siku wanayosimama kucheza, wimbo hupotea: pumzi inakatika katikati ya mstari. Hapo mwalimu wa nyimbo na mwalimu wa ngoma hukaa pamoja, mmoja apunguze hatua au mwingine ahamishe mahali pa kuvuta pumzi. Halafu waje wapiga ala, na kila mmoja agundue kwamba mwendo aliouzoea sio. Tamthilia ya mazungumzo tunaiandaa kwa wiki sita. Hii tumeipangia kumi na mbili, na tunahofu hazitoshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ya kwanza ni mahali. Kila jioni tunapanga mandhari, na kila usiku tunayavunja kwa sababu asubuhi ukumbi una watumiaji wengine. Wachezaji wanaruka juu ya saruji, na magoti yanaumia.

Ya pili inatugusa zaidi. Ukumbi una milango miwili, na mmoja hufunguka kuelekea ndani, si nje. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliwaka moto wakati wa onyesho la muziki la mchana, lililojaa kina mama na watoto. Cheche ya taa ilishika pazia. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wakiwa wamesongamana kwenye milango iliyofungwa au waliyoshindwa kuifungua. Watoto wetu watakuwa jukwaani na wazazi wao vitini. Hatutaki kuuza tiketi ya igizo lao kabla mlango ule haujageuzwa.

Kwa hiyo tunakuomba utusaidie kupata fundi na vifaa vya kugeuza mlango huo, pamoja na mitungi ya kuzimia moto. Tunaomba pia utuombee kwa wenye ukumbi watuachie jukwaa kwa wiki mbili za mwisho za tamthilia ya muziki, na tupate mbao za kutandika juu ya saruji.

Ombi la mwisho ni wewe mwenyewe. Uje usiku wa kwanza, ukae mstari wa mbele.

Tunaomba kuwasilisha.