Tunaitwa shuleni kwa michango, si kwa habari za mtoto

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu sijaolewa na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya wiki iliyopita, ya afisa elimu aliyesema wazazi wa shule za msingi tumewatupia walimu watoto na hatufuatilii maendeleo yao, imeninyima usingizi. Mliichapa bila kumuuliza mzazi hata mmoja.

Kijana wangu yuko darasa la nne katika shule ya serikali huku Mbagala. Mwaka jana alama zake zilianza kushuka. Mimi nauza chai na maandazi kituoni, natoka nyumbani saa kumi alfajiri, na jioni hukagua madaftari. Mwezi wa Agosti nikafungua la Sayansi, nikakuta amenakili kazi ya jirani yake pamoja na makosa, hata neno ambalo mwenzake alilikata, naye kalikata palepale. Kurasa mbili zilikuwa zimegandishwa kwa uji. Nilipozibandua nikaona maandishi ya kalamu nyekundu: "Mvivu. Mzazi fika shuleni." Tarehe ilikuwa ya Machi.

Nilimchapa. Naona haya kuliandika, lakini nilimchapa. Kesho yake nikafunga biashara mapema nikaenda shuleni. Mwalimu wa darasa nilimkuta barazani, rundo la madaftari kifuani, tukaongea tumesimama huku watoto wanapita katikati yetu. Akasema, "Mama, mwanao kazi yake kunakili tu, ubaoni hata haangalii." Nikamwambia na nyumbani ananisumbua, televisheni anaitazama pua inakaribia kugusa kioo. Tukanyamaza wote wawili. Kisha mwalimu akauliza, "Ameshapimwa macho?" Mazungumzo hayakufika dakika tano, Mhariri! Mwalimu alikuwa na nusu ya habari tangu Machi, nusu nyingine ninayo mimi ndani kwangu, na muda wote huo mtoto wa miaka tisa anaitwa mvivu shuleni na anachapwa nyumbani kwa sababu haoni. Miwani ilinigharimu shilingi 45,000. Siku alipoivaa alisimama mlangoni akanisomea namba za bajaji zinazopita, moja baada ya nyingine, mpaka nikaingia ndani kulia.

Mwalimu yule simlaumu. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, lake lina 130. Macho ya nani atayajua?

Ila msiseme hatuendi shuleni. Tunaenda. Kikao cha wazazi cha Februari tulikaa chini ya mwembe kuanzia saa tatu hadi saa saba. Tukajadili mlinzi, chakula, bili ya maji, karatasi za mitihani ya majaribio. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 na tukashukuru, lakini michango inaendelea, na siku hiyo majina ya watoto yaliyosomwa ni ya wanaodaiwa tu. Kundi la WhatsApp la darasa nalo ni hivyo hivyo, mchango asubuhi, mchango jioni. Mama mmoja aliuliza amsaidieje mwanawe kugawanya, akajibiwa kundi ni la matangazo. Mzazi asiye na elfu mbili mfukoni ataanza kulikwepa geti la shule, maana anajua atadaiwa kabla hata hajasalimiwa, na huyo ndiye mnayemwandika gazetini kuwa hajali. Tena kuna tuisheni. Kwa shilingi 500 kwa siku, mwalimu wa tuisheni aliweza kunieleza ndani ya wiki mbili kwamba mwanangu anachanganya kuzidisha na kujumlisha. Ana watoto 20, anawajua. Kwa nini nijue habari za mwanangu kwa kulipia?

Mwaka huu atafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na asiyefikia kiwango anakariri darasa. Sitaki kuitwa Januari kuja kuambiwa.

Ninachoomba ni hiki. Kila Ijumaa, saa nane hadi saa tisa mchana, mwalimu wa darasa akae na wazazi sita kwa kufuata orodha ya mahudhurio, dakika kumi kila mmoja. Kwa wiki 22 darasa la watoto 130 limekwisha, na mwaka wa masomo una wiki nyingi kuliko hizo. Mwalimu aje na daftari la mtoto, mzazi aje na jambo moja aliloliona nyumbani. Asiyejua kusoma asomewe. Habari za fedha zisitajwe saa hiyo, na mtunza michango asiwepo hapo. Na ikiwa kuna la kumsifu mtoto, lianze hilo, ili naye asigandishe kurasa.

Wakisema hakuna pa kukaa, meza yangu ya maandazi inakuwa wazi kuanzia saa tano. Nitaibeba mwenyewe na benchi lake.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam